Mashua Hufungwa na Maji

Mashua ya mikono 10, yaani futi 15 hivi, ilikuwa imekwisha kusimama uani kwa jirani yangu hapa Nungwi. Mataruma yamekaa, mbao za mwembe na mfenesi zimepigwa hadi juu, mlingoti umelazwa kivulini. Mwenyewe alihesabu wiki moja kabla ya kuishua. Zikawa tatu, na nyingi ya siku hizo zililiwa na mahali ambapo ncha ya kisu huingia kwa taabu: maungio ya ubao na ubao.

Kosa lilianza kwa bidii. Jirani alijikalafatia mwenyewe ubavu mzima wa kushoto kwa siku moja, akaishindilia pamba kavu kwa nyundo ya chuma mpaka ikawa ngumu kama mti. Fundi alipokuja hakusema neno. Alichukua chembeu akaanza kuichokoa.

"Fundi, mbona unaitoa? Hapo hapapiti hata sindano."

"Ndiyo ubaya wake, mwanangu. Mbao hizi hazijanywa maji bado."

Hesabu iliyo nyuma ya jibu hilo ni nyepesi. Ubao ukilowa hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Ubao wa sentimita 15 ukitanuka asilimia 2 tu umeongezeka milimita 3. Ubavu wenye mbao 8 umedai milimita 24 ambazo hazipo. Maungio yakiwa yamejazwa pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi, mbao hazina pa kwenda. Zitavuta misumari, au zitayasukuma mataruma mpaka yapasuke. Kumbe pamba ya kalafati haiwekwi iwe kizibo. Ni mto laini unaosubiri kubanwa, na atakayeubana ni maji.

Kwa hiyo kazi ilirudiwa. Pamba ilisokotwa nyuzi nyembamba, ikalowekwa katika mafuta ya nazi, ikaingizwa kwa chembeu butu na nyundo ya mti. Fundi alikuwa akifanya kazi kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho. Mapigo ya kwanza yalitoa mlio mzito, kama wa kupiga godoro; pamba ilipokamata pande zote mbili mlio ulikuwa mkavu, naye alisita hapohapo. Pigo moja zaidi lilikuwa la hasara. Misumari nayo ilipata haki yake: kila mmoja ulitanguliwa na tundu la keekee, na chini ya kichwa chake ukazungushiwa uzi wa pamba yenye mafuta, maana maji hupita pembeni mwa msumari kwa urahisi kama yapitavyo kwenye maungio.

Baada ya hapo mashua ikapakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo majirani waliyajua kabla ya kuambiwa. Chini ya mstari wa maji ikafuata deheni, chokaa iliyokandwa kwa shahamu na kupakwa kwa kiganja. Mchanganyiko huu una siri ya kikemia: chokaa ikikutana na mafuta huzaa sabuni ngumu isiyoyeyuka, ndugu wa ule utando mweupe unaobaki kwenye beseni ukifulia kwa maji magumu ya kisima. Utando wa deheni ndio unaomzuia mdudu anayetoboa mbao baharini. Haudumu, lazima upakwe upya kila baada ya muda, lakini viungo vyake vinapatikana kijijini.

Jaribio la mwisho la nchi kavu ni kumimina maji ndani na kutazama yanatokea wapi nje. Hapa ndipo pa kujihadhari. Ndoo 20 za lita 20 ni kilo 400, na mashua iliyo juu ya magogo haina bahari ya kuishika mbavu. Tulimimina ndoo 6, tukaweka alama za mkaa palipodondosha, kisha tukayakausha maji.

Siku ya kushua nayo ilipigiwa hesabu. Huku kwetu wakati wa bamvua maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, kwa hiyo kuna mwanga na watu wametoka kazini. Fundi hakuichagua siku ya kilele. Alichagua siku inayoitangulia, ili mashua ikikwama mchangani, kesho maji yapande juu zaidi yaje kuinyanyua. Anayekwama siku ya kilele huenda akasubiri bamvua lijalo, kama wiki mbili.

Mashua ilishuka bila tanga na bila mlingoti. Maji yakaingia, na jirani akageuka rangi. Fundi alimpa upo, akamwambia ahesabu. Jioni ile alikumba maji mara 70. Kesho yake, 25. Siku ya tatu alirudi ufukweni na upo mkavu mkononi, akasema ngamani hamna kitu ila unyevu.

Fundi aliikagua kwa kiganja, akaomba viroba vya mchanga kwa ajili ya farumi, kisha akaagiza mlingoti uletwe. "Sasa," alisema, "mashua imekwisha kuundwa."