Bei wameandika, hospitali wamesahau

Matokeo ya Exetat yakitoka tu, kuta za mji zinajaa matangazo ya universite. Mdogo wangu wa kike, mwenye diploma ya Leta katika kemia na biolojia, ameleta nyumbani matatu, juu anataka kuwa munganga. Baba alitazama kitu kimoja tu: minervali. Mimi nilisoma mengine yote, na leo nataka tuyachambue kama vile tunachambua kitabu.

Yote matatu yanafanana. Kijana amevaa bluzi nyeupe, stetoskopu shingoni, anacheka. Nyuma yake jengo lenye rangi mpya. Chini: orodha ya fakilte, namba za simu, na maneno kwamba unaweza kulipa kidogo kidogo. Nilitafuta mgonjwa, haiko. Nilitafuta jina la hospitali ambamo wanafunzi watafanya staji. Tangazo moja tu limelitaja. Mawili mengine yanauza bluzi, hayauzi kazi.

Juu ya nini ninasumbuka hivi? Mimi ni mutu wa agronomia. Niliingia fakilte yangu sababu ilikuwa ya bei ya chini. Miaka yote ile uchambuzi wa udongo tuliufanya ubaoni, kwa choki. Shamba la majaribio lilikuwa kwenye karatasi ya programu. Nilipofika kazini, fundi asiye na diploma alinifundisha kuchukua sampuli. Kwangu hasara ilikuwa haya tu. Lakini munganga akijifunza ubaoni, hasara inamwangukia mama mwenye kuzaa usiku.

Kuna shauri lingine linazunguka kwenye simu: «Chukua shule ya bei nafuu kwanza, médecine itakuja nyuma.» Shauri hilo ni la Marekani, na kule liko na maana. Kule mwanafunzi anasoma kwanza college, kwa kawaida miaka 4, anafanya mtihani wa MCAT, ndipo anaomba nafasi ya médecine, miaka 4 mingine. Kupunguza deni kwenye hatua ya kwanza ni akili. Kwetu hakuna ngazi hiyo katikati. Unatoka sekondari, unaingia fakilte moja kwa moja, na ile uliyoingia ndiyo itakufanya munganga. Kwetu mlango wa kwanza ndio mlango wenyewe.

Tufanye hesabu, mfano tu. Universite A inaomba dola 300 kwa mwaka, B inaomba 500. Tuseme masomo ni miaka 6. B itakula 3,000. A ingekula 1,800, lakini migomo na ile miaka ya elastiki tunayoijua sote inafanya 6 iwe 8: minervali 2,400. Ongeza kodi ya chumba ya ile miaka 2, dola 40 kwa mwezi: 960. Jumla 3,360, na hatujahesabu chakula. Ya bei ndogo imekuwa ya bei kubwa.

Sisemi kwamba ya Leta ni mbaya na ya binafsi ni nzuri. Universite ya Kinshasa na ya Lubumbashi ni za Leta, na ziko na kliniki zao. Huku Bukavu, UEA ni ya Waprotestanti, na wanafunzi wake wanajifunza Panzi, hospitali ya docta Mukwege, aliyepata Nobel mwaka 2018. Na kuna za bei kali zisizo na mikroskopu ya kutosha. Bei peke yake haisemi kitu, na ndiyo kosa la matangazo haya: yanatuzoeza kuuliza swali moja.

Maswali ambayo tangazo linakimbia ni haya. Arrêté ya minista ya kukubali fakilte hiyo iko wapi? Staji zinafanyika hospitali gani, na wanafunzi wangapi wanazunguka kitanda kimoja? Maprofesa wanakaa hapa, ao wanakuja wiki mbili na kupotea? TP za anatomia zinafanyika kweli? Waliomaliza wameandikwa katika Ordre des Médecins? Bila Ordre, hakuna kutibu mutu.

Baba hajakubali bado. Anasema makuta ni yake, na ana haki, juu ni yeye mwenye kuuza ng'ombe. Lakini tumepatana jambo moja: Jumatatu, mbele ya kwenda kulipa fomu, sisi watatu tutapita kwanza hospitalini, tuulize wanafunzi wa staji wanatoka universite gani na wanafanya nini asubuhi.

Ninyi mliomaliza médecine, tuandikieni hapa chini kile ambacho tangazo lenu halikuwaambia. Mdogo wangu atasoma.