Mkato-mama: fani ya fremu za kupasulia mbao

Fremu ya kupasulia mbao kwa msumeno wa moto, ile iitwayo Alaskan inayotengenezwa na Granberg ya California, ina vipande vichache mno: reli mbili za alumini, nguzo mbili zenye alama za vipimo, vibano viwili vya kuishika baa inayobeba mnyororo, mshikio, na bolti za kuviunganisha. Reli huteleza juu ya gogo, na baa, iliyolala chini yake kwa umbali uliokwisha kupimwa, hukata sambamba na pale reli zinapopita. Uchache huo ndio uzuri wa kifaa hiki, na ndio uliorahisisha kuigwa kwake, hata leo zimejaa sokoni nakala za bei nafuu ambazo kwa kutazama tu ni vigumu kuzitenga na fremu ya asili. Anayezilinganisha kwa kuhesabu vipande atakuta ni vilevile. Tofauti imo katika fani: namna vipande hivyo vinavyoshikana, na kile ambacho fremu nzima inakitegemea ili inyooke.

Hapo ndipo usomaji unapopaswa kutulia, kwa sababu fremu ya aina hii haina unyoofu wake yenyewe. Huuazima kutoka kwenye uso inaopita juu yake, uso ambao nitauita uso-rejea. Gogo bichi lina maganda, vifundo na mviringo, kwa hiyo haliwezi kuwa rejea ya mtu. Mpasuaji hulazimika kufunga juu yake ngazi ya alumini au ubao ulionyooka, apitishe fremu hapo na kuondoa banzi la kwanza. Kuanzia mkato wa pili ngazi huwekwa kando, maana uso ulioachwa na mkato wa kwanza ndio unaogeuka rejea ya ubao wa kwanza, na uso wa chini ya ubao huo kuwa rejea ya ubao wa pili, hadi gogo liishe. Mkato ule wa awali ni mkato-mama, na yote inayofuata ni nakala yake, kama miswada ya tendi iliyonakiliwa kwa mkono, ambamo neno lililoruka kwa mnukuzi wa kwanza hukosekana kwa wote waliomfuata. Ngazi ikibonyea katikati kwa milimita 4, kila ubao utakaotoka katika gogo hilo utakuwa na bonde la milimita 4. Tena kosa hilo hujificha vizuri: kwa kuwa uso wa juu na wa chini umepinda kwa kiasi kilekile, ubao una unene sawa mwanzo hadi mwisho, na anayeupima kwa rula atauona mzima. Huonekana tu ubao unapoinuliwa hadi usawa wa jicho na kutazamwa kwa urefu wake.

Tukiisoma hivyo, udhaifu wa nakala za bei nafuu unakuwa wa namna maalumu. Kuta zake nyembamba hunepa pale msumeno mzito unapoelemea upande wa injini, na bolti zake hulegea kwa mtetemo, kiasi kwamba nguzo yaweza kuteleza milimita moja au mbili mkato ukiwa katikati. Hilo ni kosa jipya lililozaliwa njiani, tofauti na kosa la kurithiwa, nalo huharibu unene wenyewe kabla ya kupokezwa kwa ubao unaofuata. Fremu ya ghali, kwa vibano vyake vinavyogusa baa kwa uso mpana na nguzo zisizocheza, hupunguza makosa ya aina hii ya pili. Kazi ya vibano ni nyeti kuliko inavyodhaniwa: kile cha ncha hakina budi kukaa nyuma ya kigurudumu kidogo chenye meno kinachozungusha mnyororo, maana kikikibana hapo mnyororo utakwama. Lakini kosa la kuzaliwa njiani lina dawa za bei ndogo, kama washa za springi, nati za kujifunga, na nidhamu ya kuzikaza na kupima pande zote mbili kabla ya kila mkato. Kosa la mkato-mama halina dawa isipokuwa kuanza upya, na hakuna fremu, hata iwe ya bei gani, inayolizuia. Ndiyo maana naamini kwamba nakala rahisi juu ya ngazi iliyonyooka kabisa hutoa mbao bora kuliko fremu ya asili juu ya ubao uliopinda.

Bei hununua fani mpya tunapofika kwenye mtambo kama ule wa Logosol wa Uswidi. Humo reli imesimama peke yake, imara, na msumeno hupita juu yake mara zote; kinachosogea ni gogo, linaloinuliwa juu ya vishikizo kwa unene wa ubao unaotakiwa. Kila mkato hurejea kwenye mstari mmoja usiobadilika, kwa hiyo mkato ulioharibika hauambukizi ule unaofuata. Gharama yake imeandikwa katika umbo lilelile: ni lazima gogo lije kwenye mtambo. Mvule mnene ulioangukia bondeni hauji. Mgrivea wa mpakani mwa shamba, kama ile iliyopandwa na wakulima wengi kuzunguka Mlima Kenya, ukikatwa vipande vifupi unaweza kubebwa na watu wachache. Huko wapasuaji wengi wamezoea kukata bila fremu yoyote, wakifuata mstari uliopigwa kwa uzi. Ni ustadi ninaouheshimu sana, lakini rejea yake ni jicho na mkono, na seremala ndiye anayeyalipia mashaka yake kwa randa. Kwa mpasuaji wa namna hiyo, hata nakala rahisi kuliko zote ni hatua kubwa.

Mnyororo nao unastahili fedha kabla ya fremu. Mnyororo wa kawaida hunolewa kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 35 ili ukate nyuzi za mti kwa kukingama. Wa kupasulia huteremshwa hadi karibu nyuzi 10, na hapo uso wa ubao hutoka laini zaidi. Upana wa njia ya meno huamua mengi vilevile. Tuchukue boriti yenye kina cha milimita 290 inayopasuliwa mbao za milimita 25. Mnyororo unaokula milimita 9 utatoa mbao 8. Ule mwembamba unaokula milimita 7 utatoa 9, na ubao huo wa tisa hapo kwanza ulikuwa unga. Wembamba una mpaka wake, kwani baa ndefu ya kupasulia kipande kipana huhitaji mnyororo mnene wenye nguvu, lakini kwa magogo ya wastani hesabu haibishaniki.

Injini nitaipitia kwa haraka. Kupasua ni kuibana kwa nguvu zote kwa dakika kadhaa bila pumziko, jambo ambalo ukataji wa kawaida haulidai, na Stihl MS 881 yenye sentimita za ujazo 121.6 imeundwa kuvumilia mateso hayo. Msumeno mdogo utafanya kazi pia kwenye magogo membamba, mradi kabureta irekebishwe ili mafuta yawe mengi kidogo kuliko kawaida, la sivyo pistoni itaungua.

Ubao wenyewe huhifadhi ushahidi wa yote haya. Alama za meno zikiwa zimekaribiana na kulingana toka upande hadi upande, msukumo ulikuwa mmoja na fremu haikucheza. Panapoonekana ngazi ndogo, mpasuaji alisimama, pengine kupiga kabari nyuma ya baa, na alipoanza tena fremu ilikuwa imeinama kidogo. Katika nakala za bei nafuu ngazi hizo huwa na kina kinachohisika kwa ukucha. Alama zinazopinda taratibu kuelekea upande mmoja, zikirudiwa ubao hata ubao, zinashtaki meno ya upande mmoja kuwa butu kuliko ya pili, na hapo kinachotakiwa ni tupa ya mviringo, kabla mtu hajafikiria kubadili fremu.