Dubu Darasani Kisegi: Uchambuzi wa Njia ya Kamongo

Mtoto wa Kisegi, kama wenzake wa mwambao wa Ziwa Victoria kutoka Homa Bay hata Migori, aghalabu hukutana na dubu mara ya kwanza katika somo la dini, pale dubu wawili wanapotoka mwituni na kuwararua vijana 42 waliomdhihaki nabii Elisha. Na akikutana naye tena, huwa ni mwanasesere wa manyoya aliyefika sokoni pamoja na mitumba. Hofu ile na ulaini huu havimpi maarifa yoyote juu ya mnyama mwenyewe, wala hapana mzee kijijini awezaye kumkamilishia habari, maana katika aina 8 za dubu zilizobaki duniani hakuna hata moja iishiyo porini barani Afrika, na wale waliokuwa wakikaa milima ya Atlas, huko Maghribi, walitoweka katika karne ya 19.

Mwalimu anayetaka kumfahamisha mtoto kiumbe wa ghaibu namna hii huwa na desturi ya kubandika picha ukutani na kutaja sifa moja baada ya nyingine: dubu hulala miezi mingi, dubu hunusa mbali, dubu huogelea sana. Njia hiyo naiona dhaifu, si kwa kuwa sifa hizo ni za uongo, bali kwa kuwa ajabu isiyokuwa na mizani ya kuipimia hupita masikioni kama ajabu nyingine yoyote, na mtoto aliyeambiwa kwamba mnyama hulala miezi sita hana sababu ya kustaajabu zaidi ya alipoambiwa kwamba sungura alimlaghai fisi. Mizani yatakiwa iwe kitu anachokijua kwa macho na mikono yake, na kwa bahati njema, kwa sifa iliyo kubwa kuliko zote za dubu, mizani hiyo imo katika mafunjo ya ziwa lenyewe, nayo ni samaki aitwaye kamongo.

Thamani ya kamongo kwa elimu ya mwili ilidhihirishwa na Homer Smith, bingwa wa figo kutoka New York, aliyekuja Ziwa Victoria mwaka 1928 kumtafuta samaki huyu, na ambaye mwaka 1932 alitoa kitabu alichokiita kwa jina lake, Kamongo. Muradi wake ulikuwa kujua jinsi kiumbe anavyoweza kuishi muda mrefu bila ya maji ya kuoshea taka za mwili. Alichunguza samaki waliojizika matopeni, akapima hewa waliyoitumia na yurea iliyojikusanya katika nyama na damu zao, na matokeo yake yaweza kuelezwa kwa mtoto wa darasa la nne bila ya kupunguza ukweli wake.

Kinamasi kinapokauka, kamongo aliyenaswa humo hujichimbia shimo, akajikunja, akatoa ute unaokauka na kuwa ganda la kumfunika mwili mzima, isipokuwa tundu dogo mdomoni la kuvutia pumzi, kwa kuwa ana mapafu. (Yule wa ziwani, ambaye maji hayamkimbii, huenda asijizike maishani mwake mwote, na yafaa watoto waambiwe hivyo, kwa sababu wavuvi ni baba zao na watauliza nyumbani.) Humo gandani hali, hanywi, wala hakojoi, hujila misuli yake mwenyewe kidogo kidogo, na taka ya nyama hiyo, ambayo ingekuwa amonia yenye sumu, huigeuza kuwa yurea isiyodhuru sana, akaihifadhi mwilini hata mvua inyeshe, ndipo aimwage majini.

Hapo ndipo dubu aingie darasani. Dubu mweusi wa Marekani naye hukaa pangoni miezi mitano hata saba, hali, hanywi, hakojoi wala hapati choo, na watoto wataona upesi kwamba kitendawili ni kile kile; lakini jawabu ni jingine, na tofauti ya majawabu ndiyo kiini cha somo. Dubu hali misuli yake bali hula shahamu aliyojaza katika majira ya matunda, na shahamu ikiunguzwa mwilini hutoa maji na hewa chafu, haitoi yurea. Ile yurea kidogo inayopatikana kwa njia nyingine huvutwa kutoka kibofuni ikarudi katika damu, vijidudu vya matumboni huivunja, na naitrojeni yake hutumika tena kujengea misuli. Samaki huweka akiba ya taka. Dubu huifanya taka kuwa chakula. Kwa hiyo kamongo hutoka amekonda, ilhali dubu waliopimwa nguvu kwa siku 130 za usingizi walipoteza chini ya robo yake, na dubu jike, juu ya hayo yote, huzaa na kunyonyesha humo humo.

Vipimo vilivyotolewa mwaka 2011 juu ya dubu weusi wa Alaska vinafaa kufanywa mchezo. Matumizi ya nishati ya mwili wao yalishuka hata robo ya kawaida, ijapokuwa joto lao, ambalo kwa desturi ni kama nyuzi 37 au 38, lilibaki kati ya 30 na 36. Na moyo uliokuwa ukipiga mara 55 kwa dakika ulishuka hata 9 au 14. Watoto na washike vifundo vya mikono yao, wahesabu mapigo ya dakika moja, kisha wapige kofi moja tu kila baada ya sekunde tano, wanyamaze katikati. Kimya kile kati ya kofi na kofi hufundisha kuliko tarakimu zilizoandikwa ubaoni.

Limebaki kosa moja ambalo nalisikia hata kwa watu wazima, nalo ni kudhani kwamba dubu hulala kwa sababu ya baridi. Dubu mweupe wa Aktiki, aishiye penye baridi kuliko dubu wote, hukesha majira hayo akiwinda sili juu ya barafu, na ni majike wenye mimba tu wanaojifungia pangoni. Tena dubu wa Bara Hindi na wa Malaya, walio katika nchi za joto kama yetu, hawana usingizi huo kabisa. Kinachomlaza dubu ni kukosekana kwa chakula, kama kinachomzika kamongo ni kukosekana kwa maji. Basi mwalimu akitaka yakini kwamba somo limeingia, asiulize dubu hulala miezi mingapi. Aulize hivi: dubu mweusi akiletwa Kisegi, na chakula kikapatikana mwaka mzima, je, atalala? Mtoto atakayejibu kwamba hana haja ya kulala, na akaeleza kwa nini, amemfahamu dubu asiyepata kumwona.