Pongezi kwa Wakulima wa Mwani wa Tumbe
Wakulima wa mwani wa Tumbe, Pemba, wengi wao wanawake, ambao maji ya bamvua yakitoka hufunga vikonyo vya mwani kwenye kamba, wanastahili pongezi, kwani thamani ya zao lao hutegemea nguvu zilezile zinazochunguzwa na kemia ya mivuto hafifu baina ya molekuli, fani iliyowapatia wanakemia Lehn, Cram na Pedersen Tuzo ya Nobeli mwaka 1987. Mwani wa spinosamu hutoa karajini, yaani minyororo mirefu ya sukari ambayo, maji moto yakipoa, hujisokota na kushikamana kwa msaada wa kalsiamu, ikawa rojo laini inayolegea ikikorogwa na kujiunga tena ikitulia, sifa inayofaa katika dawa ya meno. Mwani ukivunwa mchanga, rojo hudhoofika; hivyo subira ya mkulima, ya takriban wiki 6, ni sehemu ya ubora wa rojo hiyo.