Joto Lililofichua Tofauti Zilizojificha

Mabawa ya inzi wa matunda, ukiyatazama kwa hadubini, karibu yote yana mchoro mmoja wa mishipa: ile mirefu, na vishipa viwili vifupi vinavyoiunganisha. Jeni za inzi hao, hata hivyo, hazifanani. Mbona basi tofauti hizo hazionekani mwilini? Conrad Waddington, mwanabiolojia wa Uingereza, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1942, akidai kwamba ukuaji wenyewe huzimeza.

Ushahidi aliuleta mwaka 1953, na uzuri wake umo katika mpango wa jaribio. Alichukua pupa wenye umri wa saa 21 hadi 23, akawaweka kwenye joto la nyuzi 40 kwa saa 4. Baadhi walitoka na bawa lenye pengo, kishipa kimekatika au hakipo kabisa. Akawazalisha hao peke yao, watoto wao nao wakapashwa joto, kizazi baada ya kizazi. Sambamba na hao akaanzisha ukoo wa pili, wa wale ambao joto halikuwabadilisha. Ukoo wa kwanza ukazidi kupoteza kishipa. Wa pili ukazidi kukihifadhi. Hapo ndipo penye uzito wa jaribio lote. Uteuzi hauwezi kuvuta upesi pande zote mbili kama hakuna tofauti za kuvuta. Zilikuwemo tangu mwanzo. Kufikia kizazi cha 14, inzi wachache wa ukoo wa kwanza walikosa kishipa bila hata kupashwa joto.

Ni kitu gani kilikuwa kikizificha? Mwaka 1998, Suzanne Rutherford na Susan Lindquist waliitaja Hsp90, protini inayosaidia protini nyingine kujikunja ipasavyo. Walipoidhoofisha, kwa jeni yenye kasoro au kwa dawa, inzi walitokea na hitilafu za macho, mabawa na miguu, na aina ya hitilafu ilitegemea ukoo. Huo ni ushahidi mzito, ila una tundu: mwaka 2010 ilibainika kwamba Hsp90 hudhibiti pia vipande vya DNA vinavyohamahama, kwa hiyo baadhi ya hitilafu huenda zilitokana na mabadiliko mapya ya DNA, si tofauti zilizojificha tangu mwanzo.

Kwangu mimi, jaribio la joto bado lina hoja imara zaidi. Tena, katika kuzificha tofauti hizo, Hsp90 ni mlinzi mmoja tu. Jeni zenye nakala pacha na mitandao ya jeni inayosahihishana hufanya kazi hiyohiyo.