Painter Alikuwa na 46 Mkononi

Wanaoifuata safu hii wanajua sina subira na kesi zilizo wazi, kwa hiyo hukumu naitoa sasa hivi: kromosomu 48 za binadamu alizotangaza Theophilus Painter zilikuwa uamuzi mbovu wa mtu aliyekwisha kuliona jibu. Mwaka 1921, kwenye taarifa yake ya awali, aliandika kwamba hesabu zake zinachezacheza kati ya 45 na 48, ila kwenye seli zilizo safi kuliko zote ameona 46. Miaka miwili baadaye, kwenye makala kamili ya 1923, akatua kwenye 48. Dunia nzima ikamfuata kwa miaka 33.

Turudi pale pale, polepole. Painter yuko Austin, Texas. Mezani ana korodani za wanaume 3, wagonjwa wa hospitali ya akili, zilizotiwa dawa ya kuhifadhi zingali mbichi. Namna zilivyopatikana inastahili makala nyingine, tena yenye maneno makali zaidi. Kiufundi, korodani hazina ubaya wowote: ndani ya kipande kimoja unapata spematogonia zikiongezeka kwa mitosisi, na pembeni yake spematosaiti zikiingia kwenye meiosisi kupunguza idadi iwe nusu. Painter akaigandisha tishu kwenye nta, akaikatakata kwa mikrotomu vipande vyembamba, akavitia rangi, akakaa kwenye hadubini na kuchora alichokiona.

Kwenye wembe wa mikrotomu ndipo pa kutazama. Seli ikiwa kwenye metafasi, kromosomu zake zote zimesongamana katikati kama abiria wa daladala saa ya jioni. Wembe haujui moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Ukipita katikati ya kromosomu, vipande vinabaki viwili, na mchoraji anahesabu mbili. Mbili zikilaliana, anahesabu moja. Hesabu inaweza kukosea kwenda juu, inaweza kukosea kwenda chini, na yeyote aliyewahi kuinamia hadubini anajua cha kufanya: seli chafu unaziweka kando, unaziamini zile safi. Seli safi zilimwambia 46. Yeye akaenda kusikiliza chafu.

Kwa nini? Mimi namshuku Hans von Winiwarter. Huyu, mwaka 1912, alitangaza 47 kwa mwanamume na 48 kwa mwanamke, akiamini mwanamume ana X moja na hana Y. Painter aliiona Y ya binadamu, na hapo alifanya kazi nzuri, nampa haki yake. Lakini chukua 47 za mwenzako, ongeza Y uliyoigundua, unapata 48, na hesabu inakaa vizuri mno mezani. Imekaa vizuri hadi mtu anasahau kwamba 46 nayo inagawanyika kwa mbili.

Wazee hawakuwa hivyo. Walther Flemming, aliyeandika kitabu chake cha mgawanyiko wa seli mwaka 1882, alichagua viluwiluwi vya salamanda kwa sababu seli zake ni kubwa na kromosomu zake nene, akazifuatilia hatua kwa hatua. Edouard van Beneden, 1883, akachukua mnyoo wa farasi: yai lililorutubishwa lina 4, yaani 2 za baba na 2 za mama, na hata aliyelewa usingizi hakosei hapo. Nettie Stevens, 1905, akahesabu seli za funza wa unga: jike 20 kubwa, dume 19 kubwa na 1 ndogo. Kwisha. Na bado wapo wanaomtaja Edmund Wilson peke yake kwenye suala la kromosomu za jinsia, jambo ambalo sitaacha kulilalamikia.

Wazee hao walichagua kitu kinachoonekana wazi, wakakitazama; ndiyo maana siachi pia kuzilalamikia shule zetu zinazokaririsha profasi hadi telofasi bila mwanafunzi kugusa kitunguu. Ncha ya mzizi, asidi kidogo ya kulainisha, rangi, kioo chembamba juu, kisha dole gumba: bonyeza moja kwa moja chini, usitelezeshe. Seli inatandazika yote, haikatwi, na kromosomu 16 zinasambaa. Ubonyezaji huo ndio uliokuja kumuumbua Painter.

Lakini kabla ya hapo kuna Tao-Chiuh Hsu kule Galveston, Texas tena. Maji ya kuoshea seli yalichanganywa vibaya, chumvi ikawa haba, seli zikafyonza maji na kuvimba, kromosomu zikaachana zenyewe. Ilikuwa bahati ya mwaka. Hsu akawa na mtandazo ambao Painter hakuwahi kuuota, akautazama, na mwaka 1952 akachapisha 48.

Joe Hin Tjio na Albert Levan, Lund, Uswidi, Desemba 1955: seli za mapafu ya vijusi, kolchisini ya kuzikwamisha kwenye metafasi, maji ya chumvi haba, kubonyeza. Zaidi ya seli 250, na 46 karibu kila mahali. Kazi safi, sina la kuongeza.

Ninalo la kuongeza kuhusu majirani zao. Makala yenyewe ya Tjio na Levan, iliyotoka 1956, inasimulia kwamba miezi michache kabla, Eva Hansen-Melander, Yngve Melander na Stig Kullander walikuwa wakichunguza seli za ini la kijusi. Walihesabu 46. Wakarudia, 46. Basi wakaisimamisha kazi, kwa sababu zile 2 zilizobaki hawakuziona! Watu wazima, wenye slaidi nzuri, wanatafuta kromosomu ambazo Painter alizichora Texas miaka 30 na ushei kabla yao.

Atakayemtetea Painter kwamba mapafu na ini si korodani, Charles Ford na John Hamerton walimjibu mwaka huohuo wa 1956 kutoka Harwell, Uingereza. Walirudi kwenye tishu ileile ya Painter, kwenye meiosisi ileile, wakahesabu jozi: 23.

Gharama ya kosa hilo? Petrus Waardenburg alidokeza mwaka 1932 kwamba ugonjwa wa Down huenda unatokana na kromosomu kushindwa kuachana. Wazo lilikuwa sahihi, ila kwa idadi ya Painter, mgonjwa mwenye 47 angeonekana amepungukiwa moja badala ya kuzidi. Likasubiri hadi 1959, Paris, makala ya Jérôme Lejeune. Seli za utafiti huo alizikuza Marthe Gautier, na jina lake kwenye makala hiyo lilichapwa likiwa na makosa. Hilo nitalirudia wiki ijayo.