Kuchora Maji Ndani ya Maji

Ndagala wakavu wanaouzwa Luberizi, kando ya barabara ya Uvira na Bukavu, walivuliwa Ziwa Tanganyika, usiku chini ya taa. Katika maji hayohayo huelea kiumbe asiyeliwa wala kuuzwa: konyeza wa Tanganyika, Limnocnida, mwavuli wa utelezi wenye upana wa kidole gumba.

Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883. Miaka kumi baadaye R. T. Günther alimweleza kitaalamu huko Uingereza, akitumia vielelezo vilivyohifadhiwa, vilivyokwisha kujikunja. Kutoka kwenye mikunjo hiyo alitambua mdomo mpana mno juu ya tumbo fupi, na ukingo wenye minyiri mingi myembamba. Jambo zuri kuliko yote liko ukutani mwa tumbo: hapo huchipua konyeza wachanga, kama machipukizi kwenye shina la mgomba, kisha hujikata na kwenda zao.

Huo ndio ufundi wa kuchora viumbe. Mkono unachora kile tu ambacho jicho limehakikisha.

Waingereza waliotumwa baadaye ziwani walitaka zaidi. J. E. S. Moore alipoona konyeza pamoja na konokono wanaofanana na wa baharini, aliamini kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Kitabu chake kilitoka mwaka 1903. Alikosea, kwani ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka katika Bonde la Ufa. Nadharia ikaanguka, lakini umbo la konyeza lililochorwa kwa uaminifu bado linamtambulisha.

Kazi ngumu zaidi ya mchoraji iko kwenye mawe. Craspedacusta, nduguye aliyeenea duniani kutoka China, huanza maisha akiwa polipi (umbo lisiloelea) isiyofika hata milimita moja, isiyo na minyiri, iliyojibandika jiweni na kupakwa uchafu. Vichwa viwili au vitatu huota kwenye shina moja, tumbo lao likiwa la shirika: anachokula mmoja humfikia mwenziwe. Kuhusu Limnocnida yenyewe, Mbelgiji Jean Bouillon alichapisha utafiti mrefu mwaka 1957.

Akiinuliwa kiganjani, konyeza hulala kama tone la ute. Mchoraji humrudisha kwenye glasi ya maji, akaweka kitambaa cheusi nyuma na taa ubavuni, akangoja. Kwanza huonekana duara. Halafu minyiri. Mwishowe, tumboni, vijipu vidogo vya watoto.